Printa Haiulizi Cheti

Mimi nakula kwa vyeti. Si vyangu, maana vyangu havinunui hata dagaa. Nakula kwa vyeti vya watu. Nina steshenari hapa Kilosa mjini: chumba kimoja, mashine mbili za kopi, moja nzima na nyingine ina siku zake, na bango la nje lililoorodhesha huduma mpaka rangi ikaniishia. Likitoka tangazo la kazi serikalini, hakuna anayefurahi wilaya nzima kunizidi. Vijana wanajipanga na bahasha za kaki kwapani, nami nageuza maisha yao juu ya kioo, karatasi moja baada ya nyingine: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama kipo, cha chuo kama Mungu alijalia. Kisha naskani, nabana faili liwe dogo, napandisha. Kwa hiyo atakayenisikia nalalamikia vyeti asidhani nimehamia kwa wapinga vyeti. Nikivipinga, watoto wangu watakula nini, tona?

Nalalamika kwa sababu ya binti anayenisaidia dukani, ambaye mji mzima unamwita Injinia. Naiomba Bodi ya Usajili wa Wahandisi isiisome safu hii, maana najua ile sheria ya mwaka 1997 haimruhusu mtu ambaye hajasajiliwa kujiita mhandisi. Yeye hajajiita. Kaitwa. Alikuja baada ya kidato cha nne, na matokeo ambayo nyumbani kwao hayazungumzwi mbele ya wageni, kushikilia kwa muda tu wakati shangazi yake wa Mikumi akimtafutia shughuli. Nikampa kazi ya kufuta vumbi. Akafuta la nje likaisha, akaanza la ndani. Narudi kutoka sokoni namkuta kaifungua ile mashine mbovu, skrubu kazipanga juu ya gazeti kwa mstari kama zilivyotoka, rola kailaza mapajani anaifuta kwa kipande cha kanga.

“Wewe! Ukiiharibu utanilipa.”

“Bosi, si imeshaharibika?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sinalo. Jioni ile mashine ilitoa kopi. Zilikuwa na mstari mweusi katikati, lakini kopi ni kopi.

Tangu hapo akawa hashikiki. Akajua kuweka Windows upya, kufufua diski iliyokufa na picha za harusi ya watu ndani yake, kubana vichwa vya waya wa mtandao, kufukuza virusi kwenye flashi za walimu. Kubwa kuliko yote, akajua kuyasoma yale maneno yanayojitokeza kwenye skrini mambo yakiharibika, ambayo sisi watu wazima tunayafunga upesi tukiomba yasirudi. Nani kamfundisha? Mimi nimemfundisha bei. Mengine kayapata kwa fundi simu wa jirani, kwa video za YouTube anazozitazama kwa bando langu, na kwa mashine zenyewe, ambazo zikiharibika haziharibiki kwa mtaala.

Sasa kuna ofisi moja ya umma. Siitaji jina, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu naidai. Ofisi hiyo ina afisa wake wa TEHAMA, kijana mpole mwenye shahada, msomi kweli, wala simsemi kwa ubaya. Tatizo lake ni kwamba yuko peke yake, na vituo anavyovihudumia vimetapakaa kutoka mabondeni hadi milimani, kwingine pikipiki yenyewe inabidi isukumwe. Mkondoa ukifurika, na sisi wa Kilosa tunaujua Mkondoa ukifurika, kijana wa watu anabaki ng'ambo na kompyuta yake mgongoni. Hapo ndipo simu inaita dukani kwangu. Sisalimiwi hata mimi mwenye duka. “Injinia yupo?” Basi Injinia anabeba mfuko wake wa bisibisi, ananiachia foleni ya wateja, na mimi nabaki nikiminyana na mashine inayonijua kuwa sijui.

Msomaji wa Dar atadhani nazungumzia karatasi iliyokwama. Ingekuwa karatasi tu nisingepoteza wino. Serikali yote imehamia kwenye mifumo, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa sheria tangu 2019. Ukitaka kulipa chochote serikalini unahitaji kontroo namba ya GePG. Manunuzi yamehamia NeST tangu 2023. Fedha za ofisi zinapita MUSE, mgonjwa anaandikishwa kwenye GoT-HOMIS, mtumishi akitaka likizo anaiomba kwenye ESS akiwa amekaa kitini pake. Mifumo mizuri, sina neno nayo. Ila mfumo unatengenezwa Dodoma, na panya yuko Kilosa. Panya akishamaliza waya nyuma ya kabati, herufi zote hizo kubwa zinalala chali, mwananchi anaambiwa mtandao unasumbua, naye anakuja kukaa kwenye benchi langu, chini ya feni yangu, kuilaumu serikali bila kununua hata karatasi.

Tena wacha niseme ukweli ambao wenye steshenari wenzangu wanaujua: nusu ya kaunta ya serikali siku hizi iko madukani kwetu. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa kwangu. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kwangu. TIN, kwangu. Bibi anayetaka kwenda Dodoma kwa SGR, ile treni ya umeme inayopenya mahandaki yetu ya Kilosa tangu 2024, anakuja kukatiwa tiketi kwangu, na anashusha simu ya vitufe kutoka kwenye fundo la kanga akiuliza kama tiketi itaingia humo. Paswedi zao wananikabidhi mimi, kwa lazima, wanakataa kuzikumbuka wenyewe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo naiomba isiisome safu hii.

Turudi kwa Injinia. Likatoka tangazo la nafasi za TEHAMA, na watu wa ile ofisi wakamwambia kwa moyo mweupe: “Omba, mdogo wetu, sisi tunakujua.” Akaja ameng'aa. Nikaliprinti tangazo, bure, jambo ambalo sifanyi ovyo, tukaketi kulisoma.

Matangazo haya nimeyaprinti mengi, nusu nayajua kwa kichwa. Mwombaji awe raia wa Tanzania asiyezidi miaka 45. Aambatishe cheti cha kuzaliwa. Awe na wadhamini watatu wa kuaminika. Vyeti vithibitishwe na wakili. Hati za matokeo hazikubaliki, kinatakiwa cheti chenyewe. Afisa TEHAMA Daraja la II, shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta, au sifa zinazolingana na hizo, kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Afisa TEHAMA Msaidizi, stashahada. Ukishuka kwenye majukumu ndipo roho inauma: kutengeneza kompyuta, kufunga programu, kuangalia mtandao, kuwasaidia watumiaji. Injinia aliweka kidole kwenye kila mstari. Hili nafanya. Hili nafanya. Hili nimefanya juzi. Kisha kidole kikapanda juu, kwenye sifa, kikasimama.

“Bosi, hapa wamesema au sifa zinazolingana. Zangu zinalingana?”

“Zinalingana na mshahara ninaokulipa.”

Alicheka, lakini si sana.

Kuna pia sharti la waliosoma nje: vyeti vyao lazima vihakikiwe na TCU, NACTVET au NECTA, kutegemea ngazi. Nikamkumbusha kwamba yeye kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya Ulaya. Naomba wasomaji wa mbali watulie. Ulaya ni kata yetu, ipo njiani ukitoka hapa kwenda Mikumi, na mtu anakwenda na kurudi bila pasipoti. Aliunganisha kompyuta za watu huko, waya chini ya sakafu, kazi safi. Nikashauri kwenye maelezo binafsi tuandike tu “Uzoefu: Ulaya” tuone TCU watafanya nini. Akakataa. Hilo ndilo tatizo lake jingine, ni mkweli.

Hapa lazima nimtendee haki aliyeandika yale masharti. Serikali haikuamka tu ikaanza kupenda karatasi. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyoonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, naye akaagiza waondolewe kazini. Mwezi ule biashara yangu ilikuwa na baridi ya ajabu. Watu wazima walikuwa wanakuja na cheti kwenye bahasha, wanaangalia kulia na kushoto, halafu wanaondoka hawajatoa kopi. Wengine nilishawafukuza miaka mingi kabla: “Kaka, hii D si inaweza ikafungwa tumbo ikawa B?” Namwambia, mimi ni mtu wa vivuli vya vyeti, si mtu wa miujiza, toka. Kisha kuna ule waraka uliotaka kila anayeajiriwa serikalini kuanzia tarehe 20 Mei 2004 awe na kidato cha nne angalau, ambao uliwatoa jasho madereva na wahudumu wa darasa la saba waliokuwa wamezeeka kazini. Nchi iliyopita huko ina haki ya kuuliza karatasi.

Lakini hebu tuwaangalie tena wale 9,932. Hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa kukosa cheti. Vyeti walikuwa navyo! Vizuri, vina mihuri, vimetolewa kopi kwenye maduka ya waadilifu wenzangu, vimethibitishwa na mawakili, vimelala kwenye majalada miaka na miaka bila kumsumbua mtu. Kilichohakikiwa siku ya kuajiriwa kilikuwa karatasi, na karatasi ilijibu vizuri. Siku hiyo hiyo mtu angepewa kazi mkononi, afanye tukiona, wangapi wangefika mwisho wa mwezi? Injinia hana karatasi ya kughushi wala ya kweli. Ana mikono tu, na mikono haina sehemu ya kupandishia kwenye fomu.

Na wala sidai jambo geni. Angalia dereva. Tangazo la dereva serikalini linataka kidato cha nne, leseni ya daraja C au E aliyoifanyia kazi bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Hakuna aliyemwambia akalete shahada ya Land Cruiser. Na akitaka kupanda daraja, kuna majaribio ya ufundi. Mwashi vilevile, fundi bomba vilevile, fundi umeme vilevile: unaitwa, unapewa kazi, unafanya, mtu mwenye miwani anakusimamia kichwani, anakupa daraja lako. Sasa nielewe mimi. Dereva anambeba bosi mwenyewe, roho na mwili, usiku, katikati ya mbuga ya Mikumi, tembo wanavuka barabara, na serikali inaridhika kumpima kwa usukani. Anayegusa printa ya bosi huyo huyo ndiye anayetakiwa kwanza akakae darasani miaka mitatu au minne.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba chombo cha kumpima Injinia serikali inacho tayari. Kinaitwa usaili wa vitendo. Nawaprintia vijana majina yao ya kuitwa kwenye usaili kila mara: mchujo tarehe fulani, vitendo tarehe fulani, mahojiano tarehe fulani. Kwa kada kama hizi mtu anakalishwa mbele ya kompyuta, afanye. Hicho ndicho kipimo! Ila kimewekwa ndani, nyuma ya mlango wa shahada. Wapo wahitimu wazuri wanaoingia hapo wakafaulu, Mungu awabariki. Na wapo wanaorudi kwenye benchi langu wakisema vitendo vilikuwa vigumu, na kwa sauti ya chini wanamuuliza Injinia lile swali lilikuwa linafanywaje. Anawaonyesha. Mimi nawatoza kwa saa.

Jirani yangu muuza mitumba, ambaye ana maoni kuhusu kila kitu na televisheni ya kisimbuzi, aliniambia nisijisumbue, hayo ni mambo ya Kiafrika. Nikamwambia aketi. Wajerumani, hao hao waliotupitishia reli ya kati hapa Kilosa wakielekea Kigoma, kwao tangu 1997 wana uanagenzi rasmi wa TEHAMA: kijana anajifunza kazi ndani ya ofisi miaka mitatu, siku kadhaa anakwenda shule, mwisho anatahiniwa na chemba ya viwanda na biashara, anapata hati ambayo mwajiri yeyote anaiheshimu. Marekani, jimbo la Maryland liliondoa sharti la shahada kwenye maelfu ya kazi zake mwaka 2022, za kompyuta zikiwamo, na Aprili 2024 Ikulu yao ikatangaza kwamba kazi za TEHAMA za serikali kuu zitahamia kwenye kupima ujuzi wa mtu badala ya kuanzia na shahada yake. Jirani akasema, “Hao wana umeme wa uhakika.” Sijui vinahusianaje, lakini alilisema kwa namna ambayo mjadala uliishia hapo.

Na kwetu, jamani, tusijidharau. Uanagenzi upo kwenye makaratasi ya serikali yenyewe. Ipo Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayolipia vijana wajifunze wakiwa kazini. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wewe uliyejifunza chini ya mwembe unapimwa, ukiweza unapewa cheti bila kurudishwa kuanza moja. Ulianza na mikono iliyochafuka kwa saruji na grisi: waashi, maseremala, mafundi magari, na wapishi pia. Tume ya TEHAMA nayo ipo tangu 2015 na inasajili wataalamu. Vipande vyote vipo mezani. Mimi fundi wa kopi naweza kuona vinavyoungana: mpeni Injinia jaribio la ufundi la TEHAMA, daraja la tatu, la pili, la kwanza, kisha tangazo la ofisi liandike daraja hilo kwa jina lake, pasiwe tena na kubahatisha kinacholingana na kisicholingana. Sioni ugumu wake. Nasikia watasema lazima kwanza iundwe kamati.

Tulikwenda Mikumi. Sababu rasmi ilikuwa kumsalimia shangazi, sababu ya kweli ni kwamba pale Mikumi kuna chuo cha VETA, kando ya barabara kuu ya Iringa, na nilitaka tuulize mambo kwa midomo yetu badala ya kubahatisha. Tulipita Ulaya tukala vumbi lake. Chuoni walitupokea vizuri, wakatueleza kozi na ngazi, wakampa Injinia karatasi za kusoma. Karatasi nyingine, nikasema moyoni, lakini hii angalau haina wakili.

Mji wenyewe wa Mikumi ni shule, kwa anayetazama. Malori ya Zambia na Kongo yanaegesha, mabasi yanamwaga abiria wa chakula cha mchana, na katikati yake kuna fundi tairi ambaye nilikaa kumwangalia hadi chai ikapoa. Dereva wa lori la Kongo alishuka, hakuuliza fundi kasoma wapi. Aliuliza, “Itafika Tunduma?” Fundi akapiga tairi kwa nyundo, akasikiliza, akasema itafika. Wakamalizana. Ajabu ni kwamba yule fundi cheti anacho! Alirasimishwa, akapewa, akakitia fremu na kukitundika juu ya kompresa, kimeshakuwa cheusi kwa moshi. Nikamuuliza kinamsaidia nini. Akasema zamani kampuni za mjini zilikuwa zinamlipa za kienyeji, siku hizi zinamwandikia hundi. Nikaona Injinia ameacha kula chipsi.

Kwenye barabara hiyo hiyo, ukija kutoka Morogoro, hifadhi imeweka bango la faini za kugonga wanyama. Kila mmoja na bei yake, kwa dola: twiga anajulikana, nyati anajulikana, ngiri naye yumo. Ndani ya eneo lote lile la kilomita za mraba 3,230 hakuna mnyama ambaye serikali haijui thamani yake. Toka sasa nje ya hifadhi utafute bango linalosema binti anayefufua mtandao wa ofisi nzima kwa bisibisi na kipande cha kanga ana thamani gani.

Hilo niliropoka mbele ya shangazi, na ndipo nilipojichongea. Shangazi ni mama wa makamo, anauza wali na kuku kwa abiria, na hajawahi kukosea chenji.

“Kaka yangu,” akaniambia, huku akinipakulia nyongeza ambayo sikuiomba, “umesema vizuri sana. Sasa wewe mtoto wangu unamlipa kiasi gani?”

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda ya safari. Nikaeleza habari za bando, nauli, chai ya saa nne, na mazingira ya kujifunza. Shangazi akasikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwamba serikali haina cheti cha kumpa, sawa, lakini na mimi sina hata barua. Je, nimewahi kumwandikia popote kwamba amejifunza kwangu kazi gani, tangu lini, na anaiweza kiasi gani? Nikasema duka langu linafahamika. Akasema, “Kwa nani?” Wali ukawa mgumu kumeza. Tulirudi Kilosa kimya, na njiani nikajikuta nimeshapandisha mshahara. Kidogo.

Sasa hali ilivyo ni hii. Injinia amezihesabu D zake za kidato cha nne bila masomo ya dini, zimetimia nne, ambazo ndizo zinazotakiwa kuanza astashahada ya awali. Atapanda NTA ngazi ya nne, ya tano, ya sita, na akimaliza ya sita atakuwa na stashahada, ataruhusiwa kuomba kazi anayoifanya leo. Huko darasani, nina hakika, ataanza kwa kufundishwa kipanya ni nini na kibodi ni nini, na atanukuu. Nimesikia habari za mkondo wa amali wa sekondari, na ile sera ya elimu toleo la 2023 iliyozinduliwa mwaka 2025. Nafurahi kwa wajukuu zangu. Injinia yeye ameshapita kituo, na basi la nyuma halimrudii. Na mimi nabaki na mashine mbili ambazo zikimkosa siku moja zinajua. Nimetangaza nafasi ya msaidizi. Amekuja kijana mmoja na vyeti kwenye folda ya plastiki, safi mno, nikampa mashine mbovu aifungue. Akaniuliza kitufe cha kuwasha kiko wapi.

Ile ofisi ninayoidai nimeifuata tena kwa ajili ya pesa za kazi alizofanya Injinia kwao. Wamekuwa waungwana, wameniambia pesa ipo, ila utaratibu umebadilika: mtoa huduma lazima ajisajili kwanza, alete TIN, leseni ya biashara, uthibitisho wa kulipa kodi, na ajaze fomu ya wataalamu wa kampuni pamoja na vyeti vyao vya taaluma. Injinia amekaa hapa mbele yangu anaijaza, kwa sababu mimi fomu ndefu zinanipa kizunguzungu.

“Bosi, jina la mtaalamu wa TEHAMA niandike nani?”

“Jiandike wewe.”

“Nimejiandika. Inataka cheti.”

“Basi acha wazi.”

“Haikubali kuachwa wazi.”